Pesa za Msaragambo

Shilingi milioni mbili na elfu thelathini. Nimejumlisha mara mbili, kwanza kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na mara zote mbili imekuja ileile. Milioni moja laki nane na arobaini ni deni lenyewe, mafungu manne. Elfu sitini na tatu ni chakula nilichompelekea mdogo wangu mahabusu, siku tisa kwa elfu saba saba. Laki moja na elfu kumi na mbili ni nauli, safari nane za kupanda milimani kuomba na kushuka bila kupewa. Elfu kumi na tano ni picha ndogo, kopi na barua ya serikali ya mtaa, maana ukitaka kumtoa mtu ndani lazima kwanza uthibitishe kwamba wewe mwenyewe upo.

Mtu makini atasema: toa humo laki moja na themanini na sita, hiyo haikutoka mfukoni mwako. Kweli haikutoka, na nitafika huko. Siitoi kwa sababu katika pesa zote hizo hakuna iliyotugharimu kama hiyo.

Mimi ni mama wa sokoni, Same. Nauza tangawizi na vitunguu saumu kwa jumla. Tangawizi inashuka kutoka kwetu, Upare ya Kusini, na wakulima wananipa mali kauli: naichukua leo kwa mdomo, naiuza, ndipo napeleka pesa. Hakuna karatasi. Ndiyo maana nahesabu kila kitu mara mbili. Wateja wananicheka, wanasema nahesabu hata chenji ya mia mbili. Nahesabu, ndiyo.

Kwetu juu, baragumu likilia jioni, kila kaya inajua kesho ni jembe. Huo ndio msaragambo. Mtu halipwi wala hamtumi kibarua. Anakwenda kuchimba cha wote kwa sababu baba yake alichimba, na asipokwenda ataonekana. Barabara yetu ilichimbwa hivyo, na msingi wa zahanati. Lakini siku hizi nusu ya watoto wa kijiji tuko mijini, hatuwezi kupanda kila baragumu likilia, kwa hiyo wakaweka utaratibu: asiyefika anatuma elfu tano kwa siku. Mwaka huo tulikuwa tunaleta maji ya bomba kutoka chanzo kule msituni hadi shuleni. Siku za kuchimba zilikuwa nane. Watu wa mjini tulikuwa arobaini na sita, na tuseme ukweli, hakuna aliyekanyaga hata siku moja. Zidisha mwenyewe. Milioni moja laki nane na arobaini, pesa ya mabomba.

Zote zilitumwa kwenye simu ya mdogo wangu. Walimpa uweka hazina kwa sababu alimaliza kidato cha nne, aliimba kwaya, na hakuwa mnywaji. Kwetu mtu asipokunywa anahesabiwa mwaminifu. Hakuna aliyeuliza alikuwa anafanya nini miaka miwili aliyokaa Makanya, akipakia mawe ya jasi kwenye malori. Makanya, ukishapakia lori moja, unasubiri jingine. Kunaweza kupita saa sita bila lori. Wote mko kwenye kivuli kimoja, kila mtu na simu yake, na huko ndiko alikojifunza kubeti.

Na elfu arobaini zangu zilikuwa humo. Kwa hiyo katika kesi hii nilikuwa dada wa mshtakiwa, mdhamini wa mshtakiwa, na pia mwibiwa, mmoja wa wale arobaini na sita.

Siku ya kununua mabomba, bibi mwenyekiti wa kamati ya maji alishuka Same na wazee wawili. Ni mama wa miaka sabini na kitu, na alichimba siku zote nane kwa mikono yake. Wakapatana bei kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mdogo wangu akatoa simu, akaibonyeza, akaiinua juu, akasema mtandao unasumbua. Wakalala mjini. Kesho yake mtandao ukasumbua. Siku ya tatu nilipita pale nikamkuta bibi amekaa kwenye ngazi ya duka, mkoba mapajani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Niko hapa nausubiri mtandao. Wewe hujakutana nao huko sokoni?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni, anatazama barabara kama mtu anayesubiri basi. Bibi akanyoosha mkono, akaiomba simu, akanipa mimi nimsomee salio kwa sababu hakuja na miwani. Nikasoma. Shilingi mia tatu na kumi na mbili.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huwa nabisha, siku hiyo sikubisha. Bibi hakwenda kwa mchungaji, hakwenda kwa ukoo. Alisimama, akapangusa sketi, akamwambia mzee mmoja amshike mdogo wangu mkono, wakavuka barabara kuelekea polisi.

Siku tisa alikaa mahabusu kabla dhamana haijakamilika. Alipotoka nilimpeleka nyumbani, nikamwekea makande, nikamwambia ale kwanza. Alipomaliza nikamuuliza ilianzaje.

"Ilianza na elfu mbili, dada. Nilisuka mkeka wa timu kadhaa, ukatiki, zote zikashinda. Nikapata elfu thelathini na nane. Elfu mbili ya watu nikairudisha."

"Na thelathini na sita?"

"Nikaiweka tena."

"Ikawaje?"

"Ilibaki timu moja."

Nilikuja kujifunza kwamba kwa wabeti hiyo ndiyo sala. Hakuna anayesema nimepoteza. Timu tisa zimeshinda, imebaki moja, na hiyo moja ndiyo iliyomwonea. Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza safari: aliweka elfu ishirini za watu ili arudishe zake, akaweka laki ili arudishe elfu ishirini za watu, na wiki ya mwisho aliweka laki sita kwa mkupuo kwa sababu mabomba yalikuwa yananunuliwa Jumatano. Hakula hata soda kwenye pesa ile. Viatu alivyokuwa navyo vilikuwa vya kwangu, nilimnunulia mimi.

Nikaona hapa ni pa kupatana bei. Nikapanda milimani, mkutano wa kijiji. Mvua za vuli zilikuwa zimeshashuka, na mtaro uliochimbwa, uliokuwa wazi ukisubiri mabomba, ulikuwa umebomoka. Siku nane za kijiji kizima zilikuwa tope. Niliutazama mtaro ule na Mungu anisamehe, nikaona biashara. Nikasimama nikasema: siku moja ya msaragambo mmeithamini elfu tano. Deni ni siku mia tatu sitini na nane. Mna mtaro wa kuchimba upya, nami nina mtu mwenye mikono. Aje achimbe, kila siku aliyochimba mkate elfu tano kwenye deni, mahakamani mseme mmeelewana.

Kijana mmoja nyuma akadakia: "Na akija na jembe, simu atakuwa amemwachia nani?"

Wakacheka. Nami nilicheka, mfanyabiashara hakasirikii mzaha wa mnunuzi. Lakini bibi mwenyekiti hakucheka. Alisimama taratibu, ameshika kiuno.

"Mwanangu, hesabu yako nzuri. Ila niulize. Yeye akichimba pale kwa hukumu, sisi tunaochimba pembeni yake tumehukumiwa na nani?"

Mimi niliyezoea kujibu kabla mtu hajamaliza, nikakaa. Alikuwa na haki. Msaragambo ukishakuwa adhabu ya mwizi, nani tena ataamka baragumu likilia? Nilikuwa nimewauzia kazi yao wenyewe kwa bei ya jela. Nikashuka Same siku hiyohiyo. Elfu kumi na nne, kwenda na kurudi.

Mahakamani nilimwambia mdogo wangu kitu kimoja: ukiulizwa, sema huwezi kuacha. Sema ni ugonjwa, unahitaji kutibiwa. Akanitazama kama vile nimemtukana.

"Dada, nikisema naumwa kubeti wataniita kichaa. Mwizi ana siku ya kutoka. Kichaa hana."

Akakiri kosa. Hakimu akamuuliza fedha alizipeleka wapi.

"Nilizitumia, mheshimiwa."

"Kwa matumizi gani?"

"Binafsi."

Kalamu ikaandika, kesi ikaendelea. Lile neno moja lilitosha kufunika mambo yote. Kwa kuwa alikiri, na lilikuwa kosa la kwanza, na mama yetu ni mjane, alipewa miezi sita ya kutumikia jamii: kufagia stendi kila asubuhi, na kulipa deni la kijiji kwa mafungu manne, laki nne na sitini kila mwezi. Fungu moja likikosekana, anarudi kwa hakimu, na safari hiyo ni gereza. Ndivyo alivyoambiwa, nami nikaambiwa nisikilize kwa niaba yake, maana uso wake ulionyesha hayupo.

Aliyemsimamia alikuwa ofisa wa uangalizi, binti mdogo mwenye adabu. Aliniamkia kabla sijakaa. Alikuwa na fomu.

"Anakunywa pombe, mama?"

"Hanywi."

"Bangi?"

"Hapana."

"Dawa za kulevya?"

"Hapana."

"Basi ni mtu mzuri tu."

"Anabeti," nikasema.

Akageuza fomu nyuma, akairudisha mbele. "Hapa sina kisanduku cha kubeti. Nitaweka kwenye mengineyo." Sehemu ya mengineyo ilikuwa mstari mfupi. Akafikiri, akaandika neno moja: michezo. Atakayelisoma faili lile leo atadhani mdogo wangu ni mwanariadha.

Nikamuuliza kama kuna pa kumpeleka. Akaweka kalamu chini.

"Wa pombe ninaye mchungaji anakuja Alhamisi. Wa kubeti, mama..." Akatazama mlango. "Hata mume wangu anasuka mikeka."

Nikaona nisiendelee kumsumbua, ana zake.

Mdogo wangu akahamia kwangu. Simu kubwa nilimnyang'anya, nikaiuza, ikaingia kwenye fungu la kwanza. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa stendi na fagio. Uchafu wa stendi yetu ni maganda ya machungwa, chupa za maji na vikaratasi vya mikeka iliyochanika, na vya mikeka ndivyo vingi kuliko vyote, kwa sababu vibanda vya kubeti vimeizunguka pande zote. Alivifagia rundo, akavichoma. Bodaboda walishamjua.

"Profesa! Leo nani?"

"Sichezi."

"Hatujasema ucheze, tumesema useme."

"Sisemi."

"Basi kohoa mara moja kama ni wa nyumbani."

Alikuwa anafagia tu. Akimaliza saa nne anakuja kunisaidia kuchambua tangawizi, mbovu huku, nzima huku. Jioni anasimama mlangoni anasema, "Dada, leo ya arobaini." "Dada, leo ya hamsini na mbili." Hesabu ile ya siku bila kubeti nami nilikuwa nayo upande wangu, na zilikuwa sawa. Alifika siku ya themanini na moja.

Mwezi wa tatu wa kulipa, bei ya tangawizi ikaanguka. Kutoka elfu mbili na mia tano kwa kilo hadi elfu moja na mia mbili, ndani ya wiki mbili. Fungu lilitakiwa Jumatatu. Jumamosi mchana nilikuwa na laki mbili na themanini. Pungufu laki moja na themanini. Nilikuwa nimeshakopa kwa kila anayekopesha bila kuuliza maswali. Tulikuwa wawili kibandani, hakuna mteja, yeye anachambua, na nikasema kitu ambacho kama ningekihesabu mara mbili nisingekisema.

"Hivi leo ungekuwa unabeti, ungeweka nani?"

Mkono wake ulisimama juu ya kikapu.

"Dada, usiniulize."

"Nauliza tu."

"Usiniulize, dada."

"Mdomo tu. Maneno hayali pesa."

Kisha akazitaja timu saba, moja baada ya nyingine, bila kuvuta pumzi, na nani wa kushinda na nani wa sare. Siku themanini na moja alikuwa hajashika simu ya maana wala kusoma gazeti la michezo, lakini zote alikuwa nazo kichwani, zimepangwa. Ningepaswa kuogopa pale. Mimi nikasema naenda chooni, nikaenda nyuma ya ghala, nikaziwekea timu zile elfu mbili kwenye simu yangu.

Elfu mbili tu, nilijiambia, bei ya chai na chapati. Jumapili nilipotoka kanisani sita zilikuwa zimetiki. Ya saba ikatiki jioni. Laki moja na elfu themanini na sita. Nilipiga goti nikamshukuru Mungu, na mpaka leo sijui nilikuwa namshukuru nani.

Jumatatu asubuhi nilihesabu laki nne na sitini mezani, mara mbili. Mdogo wangu alikuwa anakunywa chai. Naye anajua kuhesabu.

"Juzi zilikuwa laki mbili na themanini."

Nikazitia kwenye bahasha.

"Zimetiki zote saba?"

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka, kwa sababu ya mzigo uliokuwa umenitoka mgongoni. Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini akakaa anakitazama, na jioni ile hakusema leo ni ya ngapi.

Fungu la nne. Mara tatu za kwanza tulikwenda wote wawili kwa wakala wa benki, nakabidhi, anapokea risiti, tunaipeleka kwa ofisa. Siku ya fungu la nne lilikuja lori la mnunuzi kutoka Dar es Salaam, la kwanza baada ya bei kupanda tena. Nikiondoka kwenye mizani wananipunja. Kutoka kibandani kwangu hadi kwa wakala si mbali, ukipiga kelele unasikika. Nikahesabu laki nne na sitini, nikahesabu tena, nikampa mkononi.

"Nenda, rudi na risiti."

"Sawa, dada."

Alikwenda saa nne na nusu. Saa sita lori likaondoka, naye hajarudi. Nikaenda kwa wakala, hajafika. Sikuuliza vibandani. Nilikwenda stendi, na nikamkuta anafagia. Zamu yake ilikuwa imekwisha tangu asubuhi, stendi ilikuwa safi, na jua lilikuwa utosini. Alikuwa anafagia mahali pamoja, palepale, vumbi analipeleka mbele na kulirudisha. Abiria walikuwa wanamkwepa.

"Zimebaki ngapi?" nikamuuliza.

Aliendelea kufagia.

"Mdogo wangu. Zimebaki ngapi?"

"Timu moja tu, dada. Zile mechi za kompyuta za kibandani. Dakika ya mwisho. Penalti."

"Zote?"

"Nilitaka nimalize la kijiji, nikurudishie na zako zote. Wewe uliweka elfu mbili ukapata. Ni hesabu yangu ile, dada, siyo yako. Nilijua nikiweka mimi mwenyewe..."

Bodaboda walikuwa wametukodolea macho, wakapata adabu wakageuka. Nilimnyang'anya fagio. Sijui nilitaka kumpiga nalo au nifagie mimi.

Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya tarehe ya mwisho. Na hapa ndipo ninapotaka nieleweke vizuri, kwa sababu maneno mengi yamesemwa. Pesa nilikuwa nazo. Lori lilikuwa limeniachia laki saba na elfu ishirini, taslimu, ziko mkobani. Ningeweza kutoa laki nne na sitini jioni ileile na mdogo wangu angelala salama. Lakini ile ilikuwa mali kauli. Pesa ya akina mama kumi na mmoja wa milimani, walionipa tangawizi kwa mdomo. Nikiichukua kumwokoa ndugu yangu, nikiamini kwamba nitairudisha bei ikipanda, mimi na yeye tofauti yetu ni nini? Yeye alikuwa anasubiri penalti, mimi ningesubiri soko.

Nilihesabu mara mbili. Siku ya tatu nikapanda milimani, nikawalipa wote kumi na mmoja. Nikapita na kwa bibi mwenyekiti kuomba mwezi mmoja zaidi. Alinipa chai. Akasema kijiji kilishakubali mafungu manne, hakiongezi, na kwamba mtaro umechimbwa tena, na yeye safari hii mgongo ulimshinda siku ya tano. Sikumwomba mara ya pili.

Hakimu hakuchukua dakika kumi. Ofisa wa uangalizi alijitahidi, alisema mtu huyu alihudhuria bila kukosa, na stendi haijawahi kuwa safi vile. Hakimu akauliza fungu la nne liko wapi. Mdogo wangu akasema amelitumia. Safari hii hakuulizwa hata matumizi gani. Miezi sita gerezani, na deni la fungu la nne linabaki palepale.

Mama alikuwa ameshuka, na kitenge chake cha kanisani. Wakulima wale ni majirani zake, alikuwa ameshasikia wamelipwa. Nje, chini ya veranda, aliniambia maneno manane: "Ulikuwa na pesa mkobani, ukamwacha aondoke na askari." Hajaongeza jingine tangu siku hiyo. Nikimpigia anampa simu jirani. Na hajui nusu yake. Hajui nani aliyeuliza "ungeweka nani." Hilo mdogo wangu hakulisema polisi wala mahakamani, wala kwa mama. Amelibeba, amekwenda nalo. Kati yetu wawili mwenye kifungo ni mmoja.

Tunaruhusiwa kumwona Jumapili. Mara ya kwanza aliniomba miche miwili ya sabuni na sukari robo, nikapeleka. Mara ya pili akaomba mitano. Nilikuwa kwenye foleni na mfuko wangu, mbele yangu mama mmoja wa kutoka mashamba ya mkonge, mwanawe yuko ndani mwaka wa pili. Alichungulia mfuko wangu bila aibu.

"Hiyo miche yote ya mtu mmoja?"

"Ameomba."

"Anaoga mara ngapi? Mwenzangu, huyo anacheza."

"Anacheza nini? Huko kuna simu?"

"Simu ya nini? Wanacheza nani ataitwa kwanza. Mvua itanyesha au haitanyesha. Mpira ukisikika kwenye redio huko nje, basi. Sabuni ndiyo pesa yao. Mimi wangu namkatia vipande, kila wiki kipande, akaoge."

"Na asipopelekewa kabisa?"

"Kama hadaiwi, ataoga na maji."

"Na akidaiwa?"

Alihamisha mfuko wake mkono wa pili. "Atalipa kwa kingine," akasema, na foleni ikasogea.

Nilipofika mbele nilitoa mche mmoja, nikasema dukani imeisha. Mdogo wangu aliupokea. Amekonda, na kwenye shavu ana alama ambayo alisema aliteleza. Hakunilalamikia.

"Dada, Jumapili ijayo niletee mitano. Nakuomba. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Akageuka kutazama nyuma yake, kisha akaniuliza habari za mama. Muda ukaisha.

Mche ni elfu tatu na mia tano. Mitano ni elfu kumi na saba na mia tano. Katika hesabu yote niliyoandika hapa hiyo ni pesa ndogo tu, na hakuna iliyonishinda kuhesabu kama hiyo. Nikipeleka mitano, nimemwekea dau tena kwa mkono wangu, na Jumapili nyingine ataomba kumi. Nikipeleka mmoja, sijui hicho kingine atakacholipa ni nini, au najua. Ofisa wa uangalizi nimemwuliza, akasema faili likishavuka geti si lake tena.

Kwa hiyo naomba ushauri. Siombi maombi, wa kuniombea ninao wa kutosha pale kanisani. Namwomba mtu aliyewahi kukaa ndani, au mwenye ndugu ndani, ambaye ndugu yake huyo anabeti na hakuacha: ulipeleka, au hukupeleka? Leo ni Ijumaa. Miche mitano nimeshainunua, iko chini ya meza, na mpaka sasa sijaitia kwenye mfuko.